Mashahidi wa Jiwe: Uchambuzi wa Mwanzo wa Seli Zenye Kiini

Nyumba kongwe za Parklands zimejengwa kwa jiwe la kijivu lichimbwalo pambizoni mwa Nairobi, nalo ni zao la majivu na uji wa volkeno uliomwagika wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, miaka milioni chache tu iliyopita. Na chini ya mawe hayo, kwa kina ambacho visima vyetu aghalabu havikifikii, umelala mwamba wa kale zaidi, uliopikwa na kukunjwa miaka takriban milioni 600 iliyopita kwa moto na uzito uliotosha kufuta kila alama ya kiumbe ambayo huenda ilipata kuwamo. Mtu akiteremka kutoka hapa hadi Museum Hill, ataonyeshwa kwa fahari inayostahili habari za mifupa ya yule kijana wa Nariokotome, ambayo Kamoya Kimeu aliiona upande wa magharibi wa Ziwa Turkana mwaka 1984. Na akizidi hatua kidogo akaingia Chiromo, atawakuta wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakisoma elimu ya miamba na elimu ya viumbe katika uwanja mmoja. Lakini umri wa mifupa hiyo, ulio wa miaka milioni moja na nusu hivi, ni kama sehemu moja katika elfu ya umri wa jambo ambalo makala haya yanalikusudia, nalo ni kuzuka kwa seli zenye kiini, ambazo bila ya hizo asingalikuwapo kijana wa Nariokotome, wala mbuyu, wala mbu, wala kijidudu cha malaria kimtembeleacho mbu huyo.

Viumbe vyote tuvijuavyo vimegawika, kwa kutazama jengo la seli zao, mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni la bakteria na akea, ambao seli zao kwa kawaida ni ndogo, hazina kiini, na urithi wao, yaani DNA, umelala wazi katika ute wa seli bila stara ya utando. Fungu la pili ni la yukarioti, nasi tumo ndani yake pamoja na mimea, kuvu, mwani na amiba: seli zao kwa kawaida ni kubwa zaidi, urithi wao umehifadhiwa katika kiini, ndani yake mna nyuzi za protini ziipazo seli umbo na uwezo wa kujinyoosha na kumeza, na mna vijumba vya nguvu viitwavyo mitokondria, ambavyo asili yake ni bakteria walioingia ndani ya seli nyingine wakadumu humo, hata leo hawawezi tena kuishi nje. Dhana hii ya seli ndani ya seli ilisemwa mapema, kwa upande wa mimea, na Mrusi Konstantin Mereschkowsky mwaka 1905, ikapuuzwa, kisha ikatetewa upya kwa hoja nzito na Lynn Margulis wa Marekani mwaka 1967, na leo hakuna mwanachuoni wa fani hii anayeikataa. Swali lililobaki ni la tarehe na la ushahidi: mambo haya yalitukia lini, nasi tunajuaje?

Mbele ya kadhi, dai la mali halisimami kwa urahisi juu ya neno la shahidi mmoja; hutakiwa wawili waadilifu, wasiopatana kabla ya kuja, na kila mmoja huulizwa alikuwa wapi na aliona nini. Katika kesi yetu shahidi wa kwanza ni umbo, yaani kisukuku kinachoonekana kwa hadubini katika jiwe, na wa pili ni kemia, yaani molekuli na madini yaliyoachwa na kiumbe baada ya mwili wake kuoza. Nionavyo, elimu hii ilipopotea njia, aghalabu ilipotea kwa kumwamini mmoja wa hao peke yake; na hatua zake zilizo thabiti zaidi ni zile ambazo mashahidi wote wawili walikutanishwa, na hasa walipokutanishwa ndani ya seli ile ile moja, jambo ambalo limewezekana juzi juzi tu, na limewezekana kwa jiwe la Kongo.

Tuanze na umbo. Hadi katikati ya karne iliyopita maulamaa walikuwa wakistaajabu kwamba miamba yote iliyo chini ya tabaka la Kambri, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya umri wa dunia, ilionekana kuwa mitupu, kana kwamba wanyama wa bahari walitokea ghafla bila mababu. Na Charles Darwin mwenyewe alikiri kwamba jambo hilo lilikuwa taabu kubwa kwa nadharia yake. Mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn walitangaza kwamba katika gumegume ya Gunflint, ukingoni mwa Ziwa Superior huko Kanada, waliona nyuzi na vidonge vidogo vya viumbe, na umri wa jiwe hilo leo tunaujua kuwa miaka bilioni 1.88. Tangu siku hiyo ikafahamika kwamba ukimya wa miamba ulikuwa ukimya wa watazamaji, kwani walikuwa wakitafuta magamba na mifupa mahali palipokuwa na seli tupu.

Furaha hiyo ilizaa haraka. Mwaka 1968 J. William Schopf alieleza visukuku vya Bitter Springs, katikati ya Australia, vyenye umri wa miaka takriban milioni 800, na ndani ya baadhi ya seli hizo za mviringo kulionekana doa jeusi lililotulia kama kiini katika yai. Na doa hilo likasomwa kuwa ni kiini kweli. Ilichukua miaka saba hadi Andrew Knoll na Barghoorn walipowatazama bakteria wa leo wa rangi ya kijani na buluu wakifa na kuoza, wakaona kwamba ute wa ndani ya seli hunywea, hujikusanya, ukabaki doa lile lile, ilhali bakteria hao hawajapata kuwa na kiini tangu azali. Somo hilo la mwaka 1975 ningependa kila mwanafunzi wa Chiromo alijue kabla hajagusa hadubini: kifo nacho huchora maumbo, na kilicho ndani ya seli ya kale mara nyingi ni athari ya kuoza wala si kiungo cha uhai.

Kwa nini gumegume, katika mawe yote, ndiyo ihifadhiye seli laini namna hii? Jibu halihitaji safari ya Kanada. Kilomita mia moja na kidogo kusini-magharibi ya Nairobi liko Ziwa Magadi, ambalo wengi wetu hulifahamu kwa reli na kwa chumvi yake ya magadi iliyochimbwa tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Na ni hapo ambapo Hans Eugster, mwanakemia wa miamba wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alipata madini mawili yasiyojulikana kabla yake, akayatangaza mwaka 1967 kwa majina ya magadiiti na kenyaiti. Maji ya chemchemi za moto hupita katika mawe ya volkeno na kuyeyusha silika. Ukali wa alkali ya ziwa huishika silika hiyo majini kwa wingi usiopatikana katika maji matamu. Kisha ukali huo ukipungua, ama kwa mvua ama kwa sababu nyingine, silika hujitenga, na katika maelezo ya Eugster hutokea kwanza magadiiti, laini na nyeupe kama udongo, ambayo ikioshwa sodiamu yake hugeuka polepole kuwa gumegume ngumu. Mwaka 2014 ziwa hilo lilitobolewa kwa mashine hadi kina cha karibu mita 200 ili kupata historia ya mashapo yake ya miaka yapata milioni moja, na katika kuyachunguza mawe yake watafiti walionyesha baadaye kwamba baadhi ya gumegume za Magadi hazikupitia magadiiti hata kidogo, bali ziliganda moja kwa moja kutoka katika ute wa silika.

Hilo si jambo dogo kwa mtafutaji wa seli za kale. Ute wa silika ukimfunika kiumbe upesi, kabla bakteria wengine hawajamla, ukuta wa seli yake huhifadhika kwa umbo lake kamili, na hata mgawanyiko wa seli moja kuwa mbili huweza kukamatwa ulipokuwa ukitendeka. Ute huo ukichelewa, kilichohifadhiwa ni uozo. Sisemi kwamba bahari za kale zilikuwa Magadi: bahari hizo hazikuwa za magadi, na sababu ya kujaa silika ilikuwa kwamba hawakuwapo bado viumbe kama diatomu wa kuichukua na kujijengea magamba. Lakini mtu atakaye kujua ni kwa kasi gani silika hufunika, na ni sehemu gani ya seli inayosalia, ana maabara ya maumbile mwendo wa saa chache kutoka Parklands, na ninaona huzuni kwamba wanaokwenda huko kwa swali hilo aghalabu hutoka mbali kuliko Nairobi.

Basi ikiwa doa la ndani haliaminiki, mtazamaji atategemea nini? Ukubwa peke yake hautoshi. Emmanuelle Javaux wa Chuo Kikuu cha Liège na wenzake walieleza mwaka 2010 vifuko vya kiumbe vyenye upana wa hadi theluthi ya milimita katika miamba ya Barberton, Afrika Kusini, yenye umri wa miaka bilioni 3.2, nao hawakuthubutu kusema kwamba ni yukarioti. Na mwaka 2022 ilitangazwa bakteria ya mikoko ya Guadeloupe iitwayo Thiomargarita magnifica, ambayo seli yake moja hufikia sentimita moja na zaidi, mtu akaiona kwa macho yake bila chombo. Kinachohesabiwa ni mkusanyiko wa sifa: ukubwa pamoja na ukuta mgumu usioyeyuka kwa asidi, pamoja na miiba au mapambo juu ya ukuta, pamoja na tundu la kutokea lililopangwa, kwa kuwa seli isiyo na nyuzi za ndani za protini haina chombo cha kusukuma ukuta wake nje na kuutengeneza mikono. Ndiyo maana Tappania, iliyoelezwa na Javaux, Knoll na Malcolm Walter mwaka 2001 kutoka tabaka la Roper kaskazini mwa Australia, lenye umri wa karibu miaka bilioni 1.5, ilipokewa vizuri: mirija yake isiyo na mpango maalumu, inayochipuka huku na huko, ni dalili ya seli iliyokuwa ikijigeuza umbo ingali hai. China ya kaskazini imetoa vya kale zaidi, na Qingshania, nyuzi za seli nyingi zenye umri wa miaka bilioni 1.63, iliyochunguzwa upya mwaka 2024, inaonyesha kwamba seli hizo zilianza mapema kushikamana na kuishi kwa jamii.

Kuhusu vya kale kuliko hivyo, ninashauri tahadhari. Grypania ya Michigan, ule uzi uliojikunja kama kamani ya saa, uliotangazwa mwaka 1992, ulihesabiwa kwanza kuwa na miaka bilioni 2.1, umri ukashushwa hadi 1.87, na bado mtu aweza kuusoma kama kundi la bakteria. Gabon nayo ilishangaza dunia mwaka 2010, pale Abderrazak El Albani na jamaa zake walipoonyesha vitu vya ukubwa wa kiganja kutoka Franceville, bonde lile lile lenye urani ya Oklo, vyenye umri wa miaka bilioni 2.1, nao baadaye walileta pia hoja za kemia, zikiwamo za isotopu za zinki, ilhali wapinzani wao wamesema kwamba pairiti hukua katika matope kwa maumbo yanayofanana na hayo pasipo kiumbe kuyachora. Kwa moyo ningependa Gabon ishinde, kwani ni fahari ya bara zima. Lakini sioni bado katika mawe hayo ukuta wa seli hata moja ambao hakimu aweza kuushika mkononi, na kundi kubwa la vijiumbe si lazima liwe la yukarioti.

Kipo hata hivyo kisukuku kimoja ambacho umbo lake peke yake lilitosha kuwanyamazisha wenye shaka, nacho ni Bangiomorpha, kilichotolewa na Nicholas Butterfield katika miamba ya kisiwa cha Somerset, kaskazini ya mbali ya Kanada, chenye umri wa miaka bilioni 1.05. Ni uzi wa seli uliojishikiza chini kwa mguu, na seli zake zimegawanyika ndani ya uzi kwa vipande vilivyopangika kuzunguka kitovu, kama zifanyavyo hadi leo mwani mwekundu wa jamii ya Bangia, tena vipande vya aina zaidi ya moja, hata Butterfield akasoma humo dalili ya kuzaana kwa jinsia. Mwani mwekundu si mgeni kwetu: ule ambao wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, wamekuwa wakiulima tangu mwisho wa miaka ya 1980, na ambao wakulima wa Kibuyuni, Kwale, wanaufunga kwenye kamba zao, ni wa ukoo huo huo. Madhali mwani mwekundu ulikwishakuwapo bilioni moja iliyopita, basi yukarioti kwa ujumla, na kumezwa kwa mitokondria, na kumezwa kwa bakteria iliyogeuka kloroplasti, yaani kijumba cha kunasa jua, vyote vilitangulia tarehe hiyo.

Sasa na aitwe shahidi wa pili. Kolesteroli, ambayo watu hupimwa damuni katika hospitali zetu hapa Parklands kwa hofu ya moyo, ni mmoja katika jamii ya molekuli ziitwazo steroli, zinazoupa utando wa seli ya yukarioti ulaini pamoja na uimara. Bakteria wengi hawatengenezi steroli, na kuitengeneza kolesteroli moja kunahitaji molekuli zipatazo 11 za oksijeni. Kiumbe akifa, mifupa ya kaboni ya steroli hizo hubaki katika matope, hugeuka kuwa sterani, na sterani yaweza kudumu katika mwamba uliosalimika na moto kwa muda ambao akili haiwezi kuuzoea. Kwa hiyo mwaka 1999, wakati Jochen Brocks, Roger Summons na wenzao walipotangaza kwamba wamepata sterani katika miamba ya Pilbara, magharibi mwa Australia, yenye umri wa miaka bilioni 2.7, habari hiyo ilivunja hesabu zote: yukarioti na oksijeni vilikuwapo, ikasemwa, miaka bilioni nzima kabla ya kisukuku cha kwanza chenye kuaminika.

Haikudumu. Mwaka 2008 Birger Rasmussen, pamoja na Brocks mwenyewe, walionyesha kwamba mafuta yaliyomo katika mawe hayo hayalingani na kaboni ya mawe yenyewe, kwa hiyo yaliingia baadaye; na mwaka 2015 Katherine French na jamaa zake, baada ya kutoboa upya Pilbara kwa usafi mkubwa, hawakukuta sterani yoyote isiyoweza kuelezwa kuwa ni uchafu wa mashine na wa mikono. Ninamheshimu sana Brocks kwa kushiriki kuubomoa mjengo wake mwenyewe, kwani uadilifu wa namna hiyo ndio unaompa shahidi wa kemia haki ya kusikilizwa tena.

Uchafu ulipokwisha kufagiwa, hali iliyobaki ilikuwa ya kutatiza. Mashahidi wawili walipingana waziwazi: visukuku vilisema kwamba yukarioti walikuwapo tangu bilioni 1.65 hivi, ilhali sterani za kawaida hazikuonekana kabla ya miaka takriban milioni 800 iliyopita, na wingi wake haukuwa mkubwa hadi baada ya milioni 660, katikati ya zile barafu kuu zilizofunika dunia. Je, seli hizo zilikuwa chache mno hata zisiache harufu? Au zilikuwapo bila steroli? Jibu lililotolewa mwaka 2023 na Brocks, Benjamin Nettersheim na wenzao lilitokana na wazo la zamani la Konrad Bloch, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kueleza jinsi mwili unavyotengeneza kolesteroli. Bloch alifikiri kwamba molekuli za njiani katika utengenezaji huo, kama lanosteroli, ambazo leo ni hatua tu za kupita, hapo kale zilikuwa ndizo mwisho wa kazi, na kila hatua iliyoongezwa ilikuja baadaye. Wakemia walikuwa wakitafuta mabaki ya steroli za leo. Walipotengeneza maabarani mabaki ya steroli hizo za njiani, wakajua sura zake, wakarudi katika mwamba wa Barney Creek, kaskazini mwa Australia, wenye umri wa miaka bilioni 1.64, walizikuta humo kwa wingi, kisha wakazikuta katika miamba mingine mingi hadi kufikia zama za milioni 800. Mashahidi wakapatana, na tarehe yao ikawa moja.

Hata hivyo sitaficha kwamba wapo bakteria wachache wawezao kutengeneza lanosteroli, kwa hiyo molekuli hizo za Barney Creek, zikiwa zimeyeyuka katika mwamba mzima na hazikuonwa ndani ya seli yoyote, zinaweza kuwa zilitoka kwa zaidi ya kundi moja. Udhaifu huu wa kemia iliyotengana na mwili umeonekana vizuri pia Mauritania. Mwaka 2018 Nur Gueneli na wenzake walitoa katika mashapo ya bonde la Taoudeni, chini ya Sahara, rangi ya waridi inayong'aa, nayo ni mabaki ya klorofili yenye umri wa miaka bilioni 1.1, ya kale kupita rangi zote za viumbe zilizopata kupatikana. Na isotopu za naitrojeni ndani yake zilionyesha kwamba waliotawala bahari hiyo walikuwa bakteria, wala si mwani. Lakini katika bonde hilo hilo wengine wamehesabu visukuku vya yukarioti vya aina mbalimbali. Kemia ilisema kweli juu ya walio wengi, ikanyamaza juu ya walio wachache, na katika historia ya seli hizi uchache ndio hali iliyodumu kwa muda mrefu zaidi.

Ndiyo sababu ninalipa jiwe la Kongo cheo cha kwanza. Katika Kasai, kuelekea Katanga, yamelala mashapo ya Mbuji-Mayi, ambayo nchi nzima inayafahamu kwa jina la mji wa almasi, nayo yana sehemu zilizosalimika na moto uliozipika nchi jirani. Vipande vyake vilivyotolewa kwa mashine ya kutobolea vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2016 Blaise Baludikay na wenzake, kwa kuyeyusha mwamba huo kwa asidi na kubakiza kuta za seli, walieleza humo mkusanyiko mkubwa wa vijiumbe, ikiwamo Trachyhystrichosphaera, yule mwenye miiba anayetambulikana duniani kote kama alama ya zama za karibu miaka bilioni moja iliyopita. Kati ya hao alikuwamo mmoja asiyesifiwa sana, aitwaye Arctacellularia tetragonala, mnyororo wa seli za pipa zilizoshikana ncha kwa ncha, na ndani ya kila seli doa jeusi. Yaani lile doa lile lile lililowapotosha watu wa Bitter Springs.

Safari hii doa halikusomwa kwa macho. Marie Catherine Sforna, Javaux na jamaa zao walipeleka seli hizo kwenye mwali mwembamba wa eksirei utokao katika sinkrotroni, mwali unaoweza kuuliza chembe ndogo kuliko seli ni elementi gani iliyomo na imeshikwa na nini. Wakapata, ndani ya madoa hayo na si nje yake, nikeli iliyoshikwa katikati ya pete ya naitrojeni, nayo ndiyo hali ya klorofili baada ya kifo, magnesiamu yake ikishatoka na nikeli ikaingia mahali pake. Walitangaza mwaka 2022 kwamba viumbe hao, wenye umri wa karibu miaka bilioni moja, walikuwa mwani wa seli nyingi uliojilisha kwa jua. Angalia jinsi ushuhuda huu ulivyotungamana: umbo peke yake lisingetofautisha mwani huo na mnyororo wa bakteria au wa kuvu, nikeli peke yake, ingepatikana katika mafuta ya mwamba, isingesema imetoka kwa nani, lakini nikeli ndani ya doa, doa ndani ya seli, seli ndani ya ukuta wa ukubwa na umbo lile, ni maneno mawili yaliyotoka katika kinywa kimoja, na mwenye kuyakanusha hana budi kuleta maelezo mengine yanayoyakidhi yote pamoja.

Lipo kundi la tatu la ushahidi, la viumbe walio hai, na mintarafu hilo Afrika ya Mashariki haiko nyuma. Mwaka 1983 Thomas Cavalier-Smith alipendekeza kwamba yukarioti wasio na mitokondria, kama Giardia aumizaye matumbo ya watoto wetu, na kama jamii ya mikrosporidia, walikuwa mabaki ya zama zile kabla ya mitokondria kumezwa. Wazo lilipendeza, likaanguka: mwaka 2002 mabaki ya mitokondria yalionekana ndani ya mikrosporidia, mwaka 2003 ndani ya Giardia, ikabainika kwamba hawa si mababu, bali ni walioacha urithi wao kwa sababu ya kuishi kwa jasho la wengine. Mmoja wa jamii hiyo ya mikrosporidia ndiye aliyetangazwa mwaka 2020 na Jeremy Herren na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kutoka kwa mbu wa Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na ambaye mbu akiwa naye hashikwi na kijidudu cha malaria. Kijidudu hicho nacho kimebeba ndani yake kipande cha mwani mwekundu, kloroplasti iliyopoteza rangi na jua lakini isiyoweza kuachwa. Na dawa ya doksisaiklini, inayouzwa katika maduka ya dawa ya mjini kuwakinga wasafiri, hukidhuru kwa kukishambulia kipande hicho, kwa sababu asili yake ni bakteria na dawa yenyewe ni adui wa bakteria.

Kwa upande wa mwenyeji, yaani seli iliyopokea bakteria wa mitokondria, hukumu imeelekea kwa akea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977. Magadi ina wake: Natronobacterium magadii, kama alivyoitwa alipoelezwa mwaka 1984, huishi katika chumvi na alkali ambayo ingeziua seli nyingi nyingine, naye ni jamaa wa mbali tu. Jamaa wa karibu walijulikana mwaka 2015 kwa DNA yao tu, iliyotolewa katika matope ya bahari ya kaskazini. Na mwaka 2020 Hiroyuki Imachi na wenzake wa Japani walimwonyesha mmoja wao akiwa hai, baada ya kumtunza miaka 12, kiumbe mdogo anayekua kwa uvivu mkubwa, mwenye mikono mirefu myembamba, asiyeweza kuishi pasipo jirani wa kupokeana naye haidrojeni. Nyuzi za protini tunazozisoma katika mirija ya Tappania zina asili yake katika jeni za jamaa hawa.

Tarehe ambayo mashahidi wote wanaikubali, basi, ni bilioni 1.65 kwa kuwapo yukarioti wa namna fulani, na bilioni moja na kidogo kwa mwani wenye jamaa walio hai leo. Kilichotangulia bilioni 1.65 hakina hata shahidi mmoja asiye na dosari, na hesabu za saa za jeni, ambazo hutofautiana kwa mamia ya mamilioni ya miaka kwa kadiri ya mtu anavyozianzisha, haziwezi kuchukua mahali pa jiwe.

Mawe yenyewe bado hayajaulizwa yote. Kutoka Bukoba kushuka hadi Kigoma na bonde la Malagarasi yapo mashapo ambayo wanajiolojia huyaita ya Bukoban, yasiyopikwa sana, yenye mawe ya chokaa, na yenye lava za Gagwe zilizomwagika miaka takriban milioni 800 iliyopita, ambazo zinampa mtafiti tarehe thabiti. Yaani ni zama zile zile ambazo steroli za kale zilitoweka na za leo zikaanza kuonekana. Taasisi ya Jiolojia iko Dodoma, Chiromo ina walimu wa miamba na wa viumbe, na asidi ya kuyeyushia mwamba si chombo cha mataifa tajiri peke yao. Watakaokwenda huko wachimbe kwa maji safi, bila mafuta ya mashine kugusa jiwe, wakate nje ya kila kipande na kuipima nje hiyo mbali na ndani, kama walivyofundishwa kwa gharama kubwa watu wa Pilbara, na kila seli watakayoiona waifunge pamoja na mwamba wake hadi itakapofika kwenye mwali.